Mdomo wa Ekzosi wa Don Ermelindo

Don Ermelindo hakuwa na neno na magari ya vijana wa mji wake wa Juana Díaz, ila gari la Joksan lilimkera kupita kiasi. Nyuma lilikuwa na midomo miwili ya ekzosi inayong'aa, na siku moja mzee alipoinama akajionea mwenyewe: mmoja tu ndio uliotoa moshi. Wa pili ulikuwa umepachikwa kwenye bampa, pambo tupu, hauna bomba nyuma yake. Tangu siku hiyo aliapa kwamba mtu anayeweza kubandika ekzosi ya uongo hashindwi kumdanganya mwanamke. Na mwanamke mwenyewe alikuwa Marielys, binti yake wa pekee, ambaye Joksan alikwisha kumvisha pete ya uchumba.

Kwa hiyo Jumapili kijana alipokuja na mdomo mpya wa ekzosi, zawadi kwa ile Toyota kuukuu ya mzee, Don Ermelindo hakushukuru. Alivuta kiti akakaa nyuma ya gari.

"Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, Don Ermelindo. Bomba lako limeliwa na kutu mpaka linatia huruma."

"Kajihurumie wewe na ile ekzosi yako ya uongo."

Joksan akacheka. "Ile ni urembo tu, mzee wangu. Mbona Marielys anabandika kope, humsemi?"

"Mwanangu habandiki kope!"

Kicheko cha Marielys kikasikika kutoka jikoni, na baba yake akazidi kununa. Joksan akalala chini, akasugua kutu kwa msasa, akauvalisha ule mdomo juu ya bomba, akakaza nati mbili kwa spana. Akafuta alama za vidole kwa kitambaa, akala wali na mbaazi, akaaga.

Asubuhi yake wasiwasi ulimwamsha mzee mapema. Kijana gani siku hizi anatoa kitu bure? Lazima ameficha kitu humo ndani, labda kile kidude cha kufuatilia gari, ajue Marielys yuko wapi saa zote. Kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuamini. Marielys alikuwa bafuni, na ndiye angeondoka na gari kwenda kazini. Mzee akachukua plaizi na tochi, akajikunja chini ya bampa, akalegeza nati zote mbili, akauchomoa ule mdomo, akaumulika. Mtupu. Akaugeuza, akaumulika tena, akatia na kidole. Hakukuwa na kitu, na hilo likamtia shaka zaidi.

"Papi! Funguo ziko wapi? Nachelewa mie!" Marielys akamwita baba yake.

Akaurudisha mbiombio, akazungusha nati kwa vidole, akajiambia atazikaza vizuri gari likirudi.

Mdomo haukufika Ponce, mji alikofanya kazi Marielys. Ulichomoka kwenye barabara kuu, ukadunda, na mtu wa pikipiki aliyekuwa nyuma ya Marielys akauona ukimjia usoni. Akaukwepa, akabiringika majanini. Bahati yake aliinuka na michubuko tu. Jioni Marielys alirudi amekishika kile chuma kilichobondeka, na Joksan akaitwa.

"Yule mtu angekufa, Joksan! Angekufa kwa urembo wako! Ulikaza au hukukaza?"

Joksan akakipokea. Nati moja ilikuwa imebaki, na pembe zake zilikuwa zimetafunwa na meno ya plaizi. Yeye alikuwa ametumia spana, na spana haitafuni nati. Akainua macho akamtazama Don Ermelindo aliyesimama barazani na kikombe cha kahawa, na mzee akajua kwamba amejulikana.

"Sikukaza," Joksan akasema. "Nilisahau. Nisamehe."

Don Ermelindo hakuamini masikio yake. Huyu ana hila gani? Anataka kunifunga mdomo maisha yangu yote? Lakini Marielys alikuwa ameshaanza kuvua pete.

"Papi aliniambia wewe kazi yako kupamba nje tu. Nikamwona mkorofi. Kumbe anakujua kuliko mimi."

Basi mzee alikuwa amepata kila alichokuwa akikiomba. Harusi isingekuwepo, binti asingehamia mbali, Orlando, na mumewe, na yeye hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Na alitaka kunyamaza, tusimpambe, alitaka hasa. Ila alimwona yule kijana ameinamisha kichwa, anasemwa kwa kosa lisilo lake, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Ni mimi," akasema. "Nilizilegeza asubuhi. Nilikuwa natafuta kitu humo ndani."

"Kitu gani, Papi?"

"Kidude cha kukufuatilia. Sikukiona."

Marielys akamkodolea macho baba yake, kisha akamgeukia Joksan, na sauti yake ikashuka.

"Na wewe ulijua?"

"Niliiona nati."

"Ukanidanganya hivi hivi, usoni pangu."

"Nilitaka tu mzee asi..."

"Mmoja anapekua gari kwa siri, mwingine ananidanganya. Halafu wote mnasema mnanipenda!"

Akaitia pete mfukoni, hakusema kama itarudi kidoleni au la, akaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo.

Mzee akagonga, akabembeleza. Joksan naye akagonga, mlango haukufunguliwa. Mwishowe Don Ermelindo akaketi kwenye ngazi, akasogea pembeni kumwachia kijana nafasi.

"Umekula?" akauliza.

Joksan alimtazama mzee, akaitazama ile nafasi aliyoachiwa, akabaki amesimama, hajaamua kukaa wala kuondoka.