Ndege ya Vita kwenye Sare ya Harusi

Sisi wafanyabiashara wa Sanyuanli hatugombani na lugha ya mafundi wa Kichina. Tunawatumia picha kwa simu, wao wanachapa. Ndivyo nilivyomharibia mjukuu wangu Muzdalifa sare ya harusi. Nilidhani nimetuma picha ya asumini. Kumbe kidole hiki kizee kimegusa habari aliyonitumia mdogo wangu: ndege ya mabomu ya vita vya zamani, imekutwa jangwani baada ya miaka themanini, watu wake watano hawaonekani.

Doti sitini zikaja asubuhi ya nikaha kutoka karakana ya mtaa wa Kangle. Katikati ndege, pembeni mchanga, na chini, mahali pa jina la kanga, kichwa cha ile habari: WATU WAKE WALIKWENDA WAPI?

"Nani kakwambia uchape hivi?" nikamfokea laobanniang, bosi mwenye karakana.

Akanionyesha simu. Mimi.

Sasa taabu ilikuwa Bimkubwa, shangazi aliyemlea bwana harusi, Vuai. Ndoa hii hakuitaka. Alishaapa: akipigwa kijembe kimoja tu, anaondoka na kijana wake. Na mwanamke wa Unguja akiona kanga ina maneno, anajua tu kasemwa yeye.

Nguo nyingine hatuna. Tukazivaa. Mimi maneno nikayakalia.

Bimkubwa akaingia ukumbini, akatutazama wanawake sitini, akasoma.

"Nasemwa mimi?"

"Husemwi, bibi wee. Tunauliza," nikajibu, jasho linanitiririka. "Ndege ipo, chupa za maji zimo, watu hawamo. Walikwenda wapi?"

Bimkubwa akavuta kiti.

"Walioa hukohuko," akasema.

"Jangwani, mama? Wamuoe nani?" akadakia Denise, jirani yangu Mkongo wa duka la viatu.

"Kuna Waarabu! Wanaume watano wana njaa, wamesikia harufu ya wali. Utawarudisha wewe kwenye ndege?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Huyu anasema walifuata nyota, yule wamemezwa na mchanga. Sheikh Abdulhadi akakohoa mara tatu.

"Jamani, nikaha!"

"Subiri, sheikh," Bimkubwa akamkemea. "Hatujawapata."

Sheikh akachoka, akaenda mwenyewe kwenye pazia la bibi harusi.

"Muzdalifa, umeridhia nikuozeshe Vuai?"

"Nimeridhia," sauti ikatoka. "Lakini shangazi, hawakuoa wale. Walikufa kwa kiu."

"Wameoa!" akapiga kelele Bimkubwa, na kwa hasira hizo hizo akapiga vigelegele.