Sanamu Iliyokatwa Miguu

Siku ya Jumatano alasiri nilichukua makasi na rula, nikakata kazi ya mjukuu wangu, Ndanu. Nilidhani ninasafisha sebule.

Kazi hiyo ilikuwa imening'inia kwenye boriti ya nyumba yetu hapa Mitaboni tangu Januari. Ndanu alikuwa akisuka sanamu ya mwanamke mwenye kimo cha mtu mzima, kwa msuko ule ule wa kiondo, kikapu cha kina mama wa kwetu. Lakini badala ya katani alitumia vitu ambavyo wengine wametupa: sweta za shule zilizofumuliwa, magunia ya mbolea, mifuko ya maziwa iliyochanwa vipande vyembamba. Kwa ndani aliitia spoku za baiskeli ili isilegee. Alianzia utosini, kama kiondo kinavyoanzia kitakoni, akashuka mpaka kiunoni. Chini ya kiuno zilibaki nyuzi tupu, zaidi ya mia mbili, zikiburuzika sakafuni.

Wazee wenzangu wa kanisa walikuwa waje kwangu Alhamisi kwa maombi. Mara mbili nilimwagiza Ndanu aiondoe.

"Babu, nikiishusha sasa itapinda," alisema. "Imebaki miguu tu. Jumamosi wanakuja kuichukua ipelekwe kwa maonyesho Machakos. Wamenikataa miaka miwili, Babu. Mwaka huu wamenikubali."

Alipokwenda sokoni, niliitazama nikaona matambara yasiyo na adabu. Nikaweka rula chini ya kiuno, nikakata nyuzi zote kwa mstari mmoja ulionyooka, nikazichoma shimoni pamoja na majani makavu. Mama yangu alisuka vyondo maisha yake yote, nami sikuwahi kukaa karibu naye akisuka. Katika boma letu mwanamume hakukaribia kazi ile, na shule ya misheni iliniongezea kiburi. Kwa hiyo, katika umri wa miaka themanini na moja, sikujua kwamba nyuzi zile zinazoning'inia ndizo zinazobeba msuko unaofuata. Ukizikata, kazi imekwisha hapo ilipofika.

Ndanu aliporudi alisimama mlangoni, kikapu cha nyanya kikiwa bado mkononi.

"Ni nani aliingia hapa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: mimi. Badala yake nikasema, "Labda mbuzi wa Mama Munyao. Mlango ulikuwa wazi."

Nikiwa mwalimu niliwachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Ndanu aliweka kikapu chini. Alipiga magoti, akazishika ncha zile moja moja. Kisha akaenda jikoni kupika.

Habari ya mbuzi ilivuka ua bila kubebwa na Ndanu. Mimi mwenyewe niliirudia mbele ya wazee siku ya maombi, mmoja wao alipouliza kile kitu kimepatwa na nini. Ijumaa asubuhi jirani yetu, Ndila, mama yake Munyao, alifika amebeba furushi la nyuzi zake mwenyewe.

"Mwalimu, nimesikia mnyama wangu ameniaibisha," alisema. "Nimemfunga kamba fupi. Ndanu, mwanangu, nimekuja tuunge."

Akavaa miwani, akainua ncha za nyuzi kwenye mwanga. Akainua nyingine.

"Haiya! Mbuzi hutafuna, huacha mate na manyoya. Huyu wangu ametumia makasi?" Akanitazama juu ya miwani. "Na amepima kwanza! Mbuzi amesoma huyu, Mwalimu. Ni wa darasa lako?"

"Mama Munyao, wacha," Ndanu alisema haraka. "Tuunge tu."

Hapo ndipo nilipofahamu. Alijua tangu Jumatano. Alikuwa akinisitiri, msichana wa miaka ishirini na mbili, huku mimi nikimwacha jirani aombe radhi katika nyumba yangu.

Nilisimama. "Ni mimi niliyekata," nilisema. "Na mbuzi nilimsingizia. Mama Munyao, nisamehe. Ndanu..."

"Nilikuwa nangoja useme, Babu," alijibu, bila kuniangalia. "Nimengoja siku mbili."

Ndila alijaribu kuunga nyuzi kumi. Kila fundo lilivimba kama jipu, na msuko ukakataa kukaza. Ilipofika saa sita walizitazama nyuzi mia mbili zilizobaki, wakaweka mikono chini.

Ndanu akachukua simu, akatafuta namba ya wale wa maonyesho. Ilipoanza kuita akaninyooshea.

"Waambie wewe."

Sauti ya mwanamke ilisema halo. Nilitaja jina langu, Muthoka, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, kisha nikamweleza nilichofanya. Akauliza kama nilikata kwa bahati mbaya.

"Hapana," nilisema. "Nilipima."