Kahawa ya Msibani

Jumanne asubuhi Khadidja aliwaomba majirani waanue nguo, maana mumewe alikuwa anakwenda kuchomwa sindano. Wakaanua bila maswali. Kila Shaabani alipochomwa sindano hiyo kule kliniki, kichochoro chao cha mtaa wa Buyenzi, ambacho siku nyingine watu hawapishani bila kusuguana mabega, kilitanuka hadi gari likaweza kuingia. Kuta zilisogea taratibu, kuku wakahama, na jioni zikarudi zilipokuwa. Mirindi seremala alikuwa akiingojea siku hiyo atoe kabati la mteja.

Sindano hiyo ilikuwa ya utafiti wa dawa za moyo, na utafiti wenyewe haukuwa na makuu. Shaabani, fundi wa magari, alikuwa akibanwa kifua hata kwa kuinua jeki. Madaktari walimchoma dawa ya kutanua mishipa ya moyo, wakaupiga moyo picha, kisha wakampa vidonge vya kumfaa nyumbani. Tangu aanze vidonge alilala usingizi mzima na kwenda msikitini kwa miguu yake. Sharti lilikuwa moja tu: tangu jana yake asiguse chai wala kahawa, kwa sababu huizuia dawa ya sindano. Na picha ya Jumanne hii ndiyo ingeamua nani aendelee kupewa vidonge.

Sasa, alfajiri hiyohiyo Himid, jirani yao, alifiwa na mama yake. Shaabani alikwenda kutoa pole, akapewa kikombe cha kahawa ya tangawizi, akakimaliza. Buyenzi hakuna anayeikataa kahawa ya msibani. Khadidja alikuwa palepale, akaona, wala hakushtuka.

Huko kliniki, Consolée, nesi wa utafiti, aliuliza, "Papa, tangu jana ulikunywa kahawa ao chai?"

"Apana, mwanangu. Mi sikunywa."

Hakukusudia kudanganya. Kunywa kahawa ni kukaa barazani na wenzako. Ile ilikuwa rambirambi. Khadidja naye angeapa hivyohivyo.

Waliporudi walikuta kabati limekwama katikati ya kuta, Mirindi ameketi juu yake.

"Mama Houda, leo haikupanuka," alimwambia Khadidja. "Bwana yako alikunywa kitu?"

Hapo ndipo Khadidja alipokikumbuka kile kikombe cha msibani. Kesho yake alirudi kliniki peke yake. Consolée alimsikiliza na kumwamini, pamoja na habari ya kabati.

"Najua, mama. Ile kichochoro tunaisikiaka hata hapa. Lakini picha imeshaenda Ulaya. Wameona dawa haimugusi."

"Basi mupige ingine."

"Règlement, ile sheria ya utafiti, haikubali."

"Na vidonge?"

"Vyake vinarudishwa."

Khadidja alitaka kugomba, akajiona hana hata pumzi ya kugombea. Alikuwa amechoka kwa miaka. Akamshukuru nesi, akaenda zake.

Kabati lilikatwa kwa msumeno. Kichochoro hakikutanuka tena. Kila wiki kilizidi kubana, na sasa watu hupita kiubavuubavu. Shaabani hatoki. Akitoka kitandani hadi mlangoni hulazimika kupumzika njiani. Kila laasiri wenzake wa barazani hujipanga kichochoroni, wakapokezana kikombe mkono kwa mkono mpaka kimfikie Khadidja. Yeye humpelekea mumewe kingali moto. Kahawa hakatazwi tena.