Waya wa Kushoto

Jumanne saa nne asubuhi, Nyanchera alikuwa akianika wimbi uani kwake Kiogoro alipoona mashua ya matanga imesimama baina ya migomba na choo. Mlingoti wake ulipita mkaratusi wa jirani kwa urefu. Ondieki, mumewe, waliyemzika miezi mitatu nyuma hatua ishirini kutoka hapo, alikuwa amepiga goti ndani ya mashua, spana mkononi, akikaza nyaya zinazoshikilia mlingoti.

"Bwakire, Mama Maureen," alimwamkia Kikisii.

"Buya. Uji uko," Nyanchera alijibu, akaenda kuleta kikombe.

Ondieki alikaza kama alivyokaza kazini Kilifi miaka kumi na mmoja: nusu mzunguko kulia, nusu mbele, kisha shavu kwenye mlingoti, jicho juu, aone kama umenyooka. Waya wa kushoto hakuugusa. Ulikuwa umekatika, ncha inaning'inia. Ndio uliomwangusha akafa. Mara tatu alikuwa amemwandikia mwenye mashua kwamba kutu imeula kwa ndani.

Barua ya kampuni ya mwenye mashua ilisema alipanda mlingoti akiwa mlevi. Ondieki, Msabato ambaye hata majani ya chai hakuyaonja! Lakini ilikuwa na muhuri, na chenye muhuri husomwa. Thadeus, kaka yake Ondieki, aliisoma mazishini bila kuipitia kwanza, mbele ya kanisa zima, na alipofika kwenye neno lile aliona aibu kukatiza. Jina la Ondieki likafutwa kanisani. Nyanchera hakutaka kingine duniani ila jina hilo lirudi.

Ijumaa wazee wa kanisa walikuja. Walimsalimu marehemu, wakaushika waya. Thadeus alichomwa kidole na kutu, akalia waziwazi.

"Ni kweli umeoza," mzee Mogaka alisema. "Lakini hii waya iko na muhuri?"

Haukuwa nao. Wakaomba, wakanywa uji, wakaenda. Jina halikurudi.

Jirani Nyangate siku hizi huanika nepi kwenye waya wa kulia, na Ondieki hulazimika kuukaza upya kila asubuhi.

"Na huu wa kushoto, Baba Maureen, mbona huubadilishi?"

"Mwenye mashua hajaruhusu."

Akaanza kupanda mlingoti. Nyanchera alikung'uta wimbi mikononi, akaizungushia leso ncha ile ya waya, akaivuta kwa uzito wake wote, akaishikilia mpaka mumewe aliposhuka.