Kuni Mbichi za Nashon

Kwa miezi mitatu Filister alimuuzia Nashon kuni mbichi, na kila asubuhi alipofungua kibanda chake cha kuni pale Gatina aliinua macho kwanza kutazama bomba la moshi la hoteli ya Nashon, ng'ambo ya barabara. Moshi ulitoka mzito, wa manjano machafu, na matone meusi yalikuwa yameanza kuchuruzika juu ya mabati. Filister alifurahi, wala hakujidanganya kuwa hafurahi.

Bomba hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Miaka sita alipika pale, na kila Jumamosi alipanda paani, akateremsha mnyororo mzito ndani yake na kuukung'uta huku na huku mpaka masizi yote yakaanguka. Nashon aliiona kazi hiyo ni upuuzi. Kisha siku moja nyama ikapungua jikoni, naye, mchana wateja wamejaa, akanyakua mkoba wa Filister na kuumwaga mezani. Kilichotoka ni chanuo, kitambaa na ule mnyororo. Nashon hakusema pole, alimfukuza vilevile. Tangu hapo, hata kanisani kwao Gatwekera, Filister akikaa, wenzake walivuta mikoba yao karibu.

Kuni zilipelekwa na Collins wa mkokoteni, na Nashon hakuuliza zilikotoka. Wateja wengine walipata zilizokauka. Za Nashon zilikuwa za kukatwa jana, nyingine zimelazwa majini kabisa. Kuni mbichi hazikolei, zinafuka tu, na moshi wake ukipoa ndani ya bomba huganda na kuwa kitu cheusi kinachonata kama lami. Kitu hicho hungoja moto mkali ili kiwake chote. Basi Ijumaa hiyo Filister alitayarisha mzigo wa mwisho, mbao za msonobari zilizokauka hadi kulia zikigongwa. Wateja wana miguu, alijiambia, watakimbia.

"Hizi ni poa," Collins alisema akipakia. "Adhis atafurahi. Ule moshi unammaliza."

"Adhis gani?"

"Yule wa kufua nguo. Nashon alimpangisha ile stoo ya nyuma. Alijifungua Jumanne, hata kutembea ni shida."

Filister aliijua stoo hiyo. Bomba lilipita ukutani mwake, na mlango wake wa pekee ulitokea jikoni. Alisimama na ubao mkononi, akamchukia Nashon kuliko siku zote, maana sasa hata kisasi chake alikuwa amemnyang'anya.

"Shusha zote," akasema.

Alichukua mnyororo, akavuka barabara, akaingia hotelini watu wakiwa katikati ya kula.

"Zima jiko."

Nashon akacheka. "Umerudi kuchukua nini tena?"

"Zima, ama nizime na mchuzi wako."

Alikwisha kushika sufuria. Nashon akamwaga maji motoni. Filister akapanda paani, na mnyororo ukagonga bomba kwa kishindo hata watu wakasahau chakula. Aliposhuka alifungua kifuniko cha chini, akajaza karai, akalimwaga juu ya meza ileile, kati ya sahani. Vilikuwa vipande vyeusi vinavyong'aa, vingine vinene kama kidole.

"Hii ingewaka leo," aliwaambia wateja. "Na nyuma ya huu ukuta kuna mtoto wa siku tatu."

Mmoja akasukuma sahani yake. Wote wakamgeukia Nashon.

"Sasa waambie. Siku ile ulimwaga mkoba wangu hapa. Ulipata nini?"

"Filister, hiyo tuongee kando."

"Hapa."

Nashon alitazama mlangoni. Majirani walikuwa wamejaa. "Chanuo," akasema. "Kitambaa. Na hiyo chain."

"Na nyama?"

"Hakukuwa na nyama."

"Wa huko nyuma hawajasikia."

"Hakukuwa na nyama," Nashon akarudia, safari hii kwa sauti.

Maneno hayo yalikuwa matamu kuliko moto wowote. Filister aliukunja mnyororo polepole ili yazidi kumwingia.

Ndipo Adhis akatoka stoo akijishika ukutani, mtoto kifuani. Akamshika Filister mkono ule uliojaa masizi, akamshukuru kwa machozi. Kisha akauliza ni nani mwenye roho ya kuwauzia watu kuni mbaya namna hii.

Mlangoni, Collins alikuwa akimtazama Filister.

"Ni mimi," Filister akasema, lakini kwa sauti ndogo, na wa huko nyuma hawakusikia.