Mgongo Hauongei

“…na midomo inacheza, jamani, inacheza kabisa, lakini sauti hata chembe!”

Hivyo ndivyo Msomi anavyosimulia, na hapo ndipo alipojua kwamba jambo hili lina jambo ndani yake. Lakini ngoja turudi nyuma kidogo, maana uhondo ukianziwa katikati hunasa kooni.

Msomi jina hilo alipewa na shangazi yake siku aliyoingia chuo, na si kwa sifa tu. Chochote kikigoma nyumbani, Shangazi huita kutoka kwenye cherehani, “Msomi, njoo utuonyeshe ulichoendea huko.” Shangazi mwenyewe ni fundi wa nguo. Sebule ndiyo karakana yake: cherehani mbili, meza ya kukatia, vipande vya vitambaa mpaka chini ya kochi, na televisheni mpya pana kama mlango uliolazwa. Rimoti zake zote kazifunga vitambaa ili asichanganye. Chekundu cha televisheni, kijani cha kisanduku cha intaneti, na cha maua ni cha deki ya zamani, ambayo waya zake hazina tundu la kuingia kwenye televisheni hiyo mpya.

Asubuhi ile alikuja nesi mmoja, mteja wa siku nyingi. Anaozesha binti, na binti anataka gauni lilelile alilovaa mama yake miaka ishirini na tatu iliyopita. Hasa mgongo, alisema, mgongo usikosewe. Gauni lenyewe liliozea sandukuni paa lilipovuja; limebaki kwenye video ya harusi, na video iko kwenye flashi aliyokuja nayo.

“Ila wewe ndiye uliyelishona,” nesi akasema. “Huna hata haja ya kuangalia.”

“Haja ya nini,” Shangazi akajibu, akacheka.

Nesi hajafika getini, Shangazi kashageuka. “Msomi, fanya hima. Kesho binti anakuja kujaribu, lazima leo nikate. Niwekee huo mgongo niuone.”

Sasa fundi aliyelishona gauni kwa mkono wake anasahauje mgongo? Swali hilo Msomi alilimeza, likakaa.

Flashi ikaingia kwenye televisheni. Televisheni ikatafakari, ikaandika kwamba faili hii haiitambui. Ikaja zamu ya kidude cha kurusha picha kutoka kwenye simu hadi kwenye televisheni. Kidude kikaiona simu, kikaisalimu kwa jina, kisha kikadai programu mpya. Programu mpya nayo ikadai simu mpya.

“Yaani wote wako nyumba moja na hawasikilizani,” Shangazi akasema.

“Kila kimoja kina lugha yake, Shangazi.”

“Zipu ikiwa fupi mimi natafuta nyingine. Siwezi kumwambia mteja abadili kiuno.”

Msomi akaifungua video kwenye kompyuta yake. Ikatoa sauti safi, vigelegele na vyote, ila picha ni giza tupu. Akapakua programu ya kugeuza video, akangoja saa nzima mstari wa kijani ukitambaa, akarudisha flashi kwenye televisheni. Safari hii picha ikatokea. Sauti ikapotea.

“Acha hivyohivyo,” Shangazi akasema, haraka kidogo. “Sauti ya nini? Mgongo hauongei.”

Bibi harusi akageuka, Msomi akasimamisha picha. Vifungo vidogo ishirini na kimoja vilishuka kutoka shingoni, vikipinda taratibu kama siafu wanaolikwepa jiwe. Shangazi akavua tepu yake shingoni, akaibandika juu ya kioo cha televisheni, akaanza kupima, penseli mdomoni.

“Shangazi, kwani nesi alikuwa mnene hivi?”

“Nani? Alikuwa kama uzi.”

Wakatazamana. Televisheni ilikuwa imeivuta picha ya zamani ijaze kioo chote. Bibi harusi kapanuka, keki imekuwa tairi la lori, na kila namba aliyoandika Shangazi ni ya uongo. Msomi akabonyeza rimoti ya kitambaa chekundu. Picha ikajikusanya, ikarudi umbo lake, na chini, pale ambapo televisheni ilikuwa imepameza, akatokea mwanamke kijana kapiga magoti nyuma ya bibi harusi, uzi mdomoni, akifunga kifungo cha mwisho.

Alikuwa Mama.

Mama huyuhuyu wa Msomi, aliyekuwa jikoni saa ileile, ambaye hata kifungo cha shati la Baba humpelekea Shangazi. Msomi akaiachia picha iendelee. Mama akageuka, akamwambia neno Shangazi wa enzi hizo, naye akajibu. Midomo inacheza, sauti hakuna. Mnaona sasa tulipoanzia.

“Wanasema nini?”

“Mambo ya harusi. Zima.”

Msomi hakuzima. Picha anayo kwenye televisheni, sauti anayo kwenye kompyuta. Akazirudisha zote mbili mahali pamoja, akahesabu moja, mbili, tatu, akabonyeza kwa mikono yote miwili. Sauti ikatangulia kama sekunde nne. Neno linafika kwanza, mdomo unalifuata.

“Wifi,” ikasema sauti ya Mama, nyembamba, ya ujana, “wakikuuliza, sema umeshona wewe. Sindano mimi ndiyo mwisho leo.”

“Na wakitaka mgongo mwingine kama huu?”

“Uniite mwenyewe. Usitume mtu.”

“Nani huyo anayesema kwa sauti yangu?” Mama alikuwa mlangoni, kisu cha jikoni mkononi. Alipotazama televisheni, mdomo wake wa zamani ndio kwanza ulikuwa unamalizia.

Shangazi akaikunja tepu polepole mpaka ikaisha.

“Wifi, nimepima nimeshindwa. Kila nikivipinda vinakwenda kilevi.”

“Miaka ishirini na tatu unasifiwa mgongo wangu,” Mama akasema, bila hasira.

“Na sifa nimezila. Sikatai.”

“Nilisema usitume mtu.”

“Sijatuma mtu. Nimetuma televisheni.”

Mama akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akafuta mikono, akachukua sindano kwenye kichupa cha Shangazi, akapitisha uzi tunduni mara moja tu, bila miwani.

“Zimeni hiyo. Vifungo hivi havipimwi kwenye kioo, vinafuata uti wa mgongo wa anayevaa. Wifi, kata mbele leo, nyuma uache wazi mpaka binti aje. Na mpigie nesi.”

Shangazi akaishika simu, akaitazama kama zipu iliyouma nyama, lakini akapiga. “Nesi, ule mgongo si mkono wangu,” akasema. “Ni wa wifi yangu. Ndiyo. Tangu siku ile.” Akasikiliza, akasema ndiyo tena, akakata. Mkasi ulipoingia kwenye kitambaa, mkono wake ulikuwa umetulia.

Msomi hakuweza kungoja. “Mama, kwa nini uliacha kushona?”

“Kesho ukinishikia uzi nitakwambia yote.”

“Nami nitakuwepo,” Shangazi akasema bila kuinua macho kwenye mkasi. “Kuna kipande atataka kukiruka.”

Msomi akakumbuka kwamba video bado ina dakika nane. Mama naye alikumbuka. Akainuka, akaichomoa flashi, akaitia kifuani, kisha akaifunga kompyuta na kuitia kwapani.

“Kesho,” akasema.