Somo la Wageni

"Kausha! Kausha vizuri, hata katikati ya vidole! Kidole kikiwa na maji kishikwambi kinachanganyikiwa, tumesema mara ngapi?"

Watoto wa darasa la kwanza walipita mmoja mmoja kwenye beseni, wakanawa chaki na vumbi, wakajifuta kwa taulo lililokwisha kushika rangi ya sakafu. Jambo hilo la vidole Mwalimu hakufundishwa na mtu. Vishikwambi vilipoletwa, semina ilikuwa ya asubuhi moja, nusu yake hotuba, na wiki nzima ya mwanzo aliamini kwamba ameviharibu: mtoto anagusa hapa, kinafunguka kule. Alijificha stoo akalia, mtu mzima na miwani yake. Kumbe ni maji ya kunawia! Walimu wenzake walicheka mpaka wakambandika jina, Bi Vishikwambi, naye akalipokea.

Akajifunza kidogo kidogo, kwa kubonyeza huku anamwomba Mungu. Hatimaye akagundua kitu ambacho semina haikukitaja: kurekodi sauti. Mtoto anasoma ukurasa, kisha anajisikiliza. Kijino, binti aliyeitwa hivyo kwa sababu mbele lilibaki jino moja tu, alikuwa bingwa wa kukariri. Hata kitabu ukikigeuza juu chini, yeye "anasoma" vilevile. Siku ya kwanza kujisikiliza alikunja uso.

"Mwalimu, huyu anadanganya. Hapa pameandikwa kikombe, yeye anasema kikapu."

Tangu siku hiyo, akifika kwenye neno gumu alisimama, akaweka kidole, akasema bila woga, "Hili silijui." Wenzake wakamwiga. Mwalimu alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani, watu wakamgeukia.

Sasa leo akawasha cha kwanza. Kufuli. Cha pili, kufuli. Vyote viliandika maneno yaleyale, *Muda wa matumizi umekwisha, wasiliana na ofisi ya elimu,* kisha vikajizima. Na ofisi hiyohiyo ya elimu ndiyo iliyokuwa njiani asubuhi ile, Afisa mwenyewe na mpiga picha, kuja kulitazama darasa la kidijitali.

Ukitaka kumjua mwalimu mkuu wa shule ile, mwambie kuna mgeni. Aliingia na tai shingoni, kola imeshaloa jasho.

"Tayari, mama?"

"Mkuu, havifunguki. Ofisi haijalipia."

"Shh! Punguza sauti." Akausukuma mlango kwa kisigino. "Afisa ameshapeleka taarifa juu kwamba vinafanya kazi. Unataka umvue nguo mbele ya mpiga picha?"

"Sasa nifanye nini?"

"Wape wavishike. Watelezeshe vidole. Nani atachungulia?"

"Hawa ni watoto wadogo, Mkuu. Watasema."

"Wafundishe wasiseme. Si mwalimu wewe?" Kisha akalegeza sauti, na huko kulegeza ndiko kulikomtisha zaidi. "Mkataba wako unaisha muhula huu. Nafasi ya kudumu ni moja, na anayepeleka jina ni Afisa. Mimi nimekusemea, mama. Usiniangushe."

Mkataba baada ya mkataba, kila mwisho wa muhula roho mkononi. Nyumbani wanawe wawili na mama yake asiyeweza tena kusimama walimtegemea yeye tu. Mwenye nguvu mpishe, na Mwalimu akapisha.

"Haya, leo tuna mchezo," akawaambia watoto. "Tunajifanya tunasoma. Kidole kinateleza hivi, unatabasamu. Mgeni akikuuliza unasoma nini, unasema hadithi ya sungura."

Kijino akanyoosha mkono. "Mwalimu, hapa hakuna hadithi. Naona kichwa changu tu."

"Najua. Ni mchezo."

"Kwa hiyo nikiulizwa niseme sioni?"

"Hapana. Useme sungura."

Mtoto alimtazama usoni, kama anayesubiri acheke. Mwalimu hakucheka.

"Sawa, Mwalimu."

Wageni wakaingia, manukato ya Afisa yakatangulia. Alipita kati ya madawati taratibu, mikono nyuma, na Mwalimu akawa anamwomba kimoyomoyo apite, apite tu. Akasimama kwa Kijino.

"Wewe mrembo, unasoma nini?"

"Nasoma hadithi ya sungura."

"Enhe, sungura amefanyaje?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Mkuu akakohoa. Chaki ikamvunjikia Mwalimu mkononi. Lakini Kijino hakubabaika hata kidogo.

"Amekwenda shambani, amekula karoti, amelala." Akatelezesha kidole. "Hapa ameamka."

Afisa akacheka kwa raha, akakichukua kishikwambi. Akakitazama. Akabonyeza pembeni, kufuli likawaka, likazimika. Akainua macho akamtazama Mwalimu, kisha akamrudishia mtoto kishikwambi chake.

"Endelea kusoma, mwanangu," akasema. Akamgeukia mpiga picha. "Wewe, piga kwa mbele. Usiende nyuma yao."

Mlangoni alimpa Mwalimu mkono, akaushikilia. "Walimu wanaoielewa kazi kama wewe hatuwaachi. Jina lako naondoka nalo."

Mkuu alirudi mbio kumpongeza, karibu amkumbatie. Mwalimu aliitikia asante, asante, huku moyo umeingia ganzi. Kudumu, hatimaye. Alikusanya vishikwambi akavifungia kabatini, akatoa vitabu vya karatasi, vile vilivyochanika majalada.

"Mchezo umekwisha. Kijino, njoo utusomee."

Akamfungulia ukurasa ambao hawajawahi kuusoma, wa mama anayeteka maji kisimani. Mtoto alianza vizuri, neno la kwanza, la pili, kisha akafika kwenye neno gumu. Mwalimu akasubiri asimame. Hakusimama. Kidole kikateleza juu ya karatasi.

"Sungura akaenda shambani, akala karoti, akalala."

"Kijino. Hapo pameandikwa hivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, akatabasamu vizuri, uso ameuelekeza pale alipokuwa amesimama mpiga picha.

Wenzake wakampigia makofi.